Msitu wetu wa mashimo 750

Katika gazeti letu wengi wamekwisha kuandika juu ya mpira, juu ya kwaya na juu ya safari zao za vakansi. Tumesoma na tumefurahi. Lakini sisi hatusafiri popote. Kila konje tunapanda kilima kile kile, tunarudi nyumbani kwetu, na nyuma ya nyumba kuna msitu wetu. Tunataka kuwapeleka humo kwa karatasi, kwa maana kwa miguu ni mbali, na barabara munaijua.

Sisi tunaoandika tuko wawili, dada na kaka wa tumbo moja. Mmoja yuko mwaka wa nne wa pedagojia, mwingine mwaka wa pili wa sayansi. Nyumbani tuko sita pamoja na mama. Tukisema «sisi» hapa chini, mara ni wawili, mara ni nyumba nzima. Musitafute tofauti, hata sisi wenyewe hatuioni sana.

Kwetu ni katika vilima vya Lubero, karibu metre 2.000 juu ya usawa wa bahari, mahali pa viazi, pa kabichi na pa baridi. Mgeni akilala kwetu usiku wa kwanza, kabla ya saa sita ameomba blanketi la pili. Msitu wenyewe si mkubwa. Mwalimu wa jeografia akitaja msitu, tunajua anafikiri Ituri, kule mtu anaweza kutembea siku nzima chini ya kivuli. Wetu unauzunguka na kurudi kabla maharagwe hayajaanza kuchemka. Urefu ni metre 60, upana ni metre 50. Baba aliupima kwa kamba yenye mafundo, akachimba shimo moja kila metre 2. Wenye kupenda hesabu wapige: mistari 25, kila mstari mashimo 30. Ni mashimo 750. Baba aliyachimba yote mwaka wa 2009, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kushika, na sisi tuliokuwa bado hatujazaliwa au bado tuko mgongoni tumeambiwa habari hii mara nyingi hata ni kama tulishika jembe.

Alipanda mikaratusi, na pembeni, upande wa shamba la maharagwe, mstari wa grivelea. Mkaratusi si mtu wa kwetu. Kwao ni Australia, na kwetu uliletwa wakati wa ukoloni. Mwalimu wa biolojia anasema unakunywa maji mengi, na hakosi. Baba hakusoma biolojia, lakini alijua. Kule chini, karibu na chemchemi, hakupanda hata mmoja. Aliacha majani na vichaka vya zamani vikae, na chemchemi yetu inatoka mpaka leo.

Wengine wanatuuliza: «Ule musitu ni wenu kweli?» Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia tu. Na huko kilimani kuna vilevile mwenye udongo wa desturi, ambaye babu yetu alimpelekea mbuzi. Basi mwenye udongo hapendi kila mtu apande miti. Ukipanda maharagwe, baada ya miezi mitatu minne unavuna, na unaweza kuondoka. Lakini mwenye kupanda mti amesema kimya kimya kwamba atakuwa hapo mwaka ujao, na mwaka unaofuata, na watoto wake pia. Ndiyo sababu baba, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, alikwenda kwa yule mzee mara tatu. Mara ya tatu alirudi na karatasi yenye sahihi za mashahidi wanne. Mama anaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Tulipofika masomo ya sekondari tulisoma kwamba sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, katika kifungu cha 9, inasema miti iliyo katika shamba la mtu ni mali ya yule mwenye shamba hilo. Tulirudi nyumbani na furaha. Tulimwambia mama: udongo ni wa Serikali, lakini miti ni yetu. Mama alicheka sana. «Na yale majani yanaanguka, yako ya nani? Mukuje mufagie.»

Sasa tuwaonyeshe msitu kwa konje, kwa sababu sisi wanafunzi tunaujua mwaka kwa njia hiyo.

Konje ya Noeli. Mvua zimenyesha toka mwezi wa nane au wa tisa, njia inateleza, na gome la mikaratusi limelegea. Wakati huu ukiangusha mti, unapasua gome kidogo kwa panga, unavuta kwa mkono, linatoka lote kama ganda la ndizi. Ndani mti ni mweupe na unateleza kama samaki. Wakati wa kiangazi gome lile lile linashika kama gundi. Nchi yetu inafanya Siku ya Mti kila tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili. Kwetu tarehe hiyo ni kuchelewa kupanda, kwa maana jua la mwezi wa kwanza linafuata nyuma. Sisi tunapanda mwezi wa tisa na wa kumi. Siku ya Mti mama anapita tu na fimbo, anahesabu iliyopona, na Noeli anatupa hesabu kabla hajatupa chai.

Konje ya Pasaka. Hii ni konje ya ukungu. Asubuhi hauoni mti wa tatu. Hata kama mvua hainyeshi, majani yanakamata ukungu na kuudondosha, na wewe unalowa bila mvua. Ni wakati wa machipukizi. Baba alitufundisha namna hii: mkaratusi ukikatwa vizuri haukufi. Ukate chini, upana wa kiganja kutoka udongo, na ukate mshazari ili maji yasikae juu ya kisiki. Kisiki kitatoa machipukizi mengi kama nywele. Uyaache yashindane mwaka mmoja, halafu uchague mawili yenye nguvu, mengine uyatoe. Hayo unayotoa hayapotei: ndiyo miti ya kusimamisha maharagwe. Kazi ya kuchagua tunaifanya Pasaka. Tunasimama mbele ya kila kisiki na kubishana: huyu abaki, huyu aende. Si kazi ngumu kwa mikono. Ni ngumu kwa moyo, kwa maana yote ni mabichi na yote yanapenda kuishi.

Vakansi kubwa. Jua, vumbi na upepo. Magome makavu yananing'inia na kugongana. Usiku upepo ukipita juu, sauti ni ya mvua kabisa, na mama bado anadanganyika, anaamka kutoa nguo inje. Wakati huu tunalinda moto. Majani ya mkaratusi yako na mafuta, yakishika hayasikii maji ya ndoo. Kila mwaka tunalima njia tupu ya metre 4 kuzunguka msitu wote, na hiyo ndiyo vakansi yetu ya kweli. Lakini saa kumi kazi imekwisha, tunalala juu ya majani, tunaangalia vichwa vya miti vinavyocheza. Nyuki wanalia juu. Mwewe yuko na kiota katika mti mmoja wa mstari wa saba. Anakula vifaranga vya mama, na mama anamtukana kila siku, lakini siku tuliposema tukate ule mti alikataa. «Baba yenu alimupendaka.» Basi.

Mwisho wa mwezi wa nane, mvua zikikaribia, ndiyo wakati wa kukata, ili kisiki kikute maji mapema. Baba aligawa msitu vipande vinne na kuweka masale kwenye mipaka. Kila miaka miwili kipande kimoja. Cha kwanza mwaka wa 2016, cha pili 2018, cha tatu 2020, cha nne 2022. Zamu ikirudi kwa cha kwanza, kimekwisha kupata miaka minane. Baba alikuwaka anasema: «Musitu ni mbuzi ya kuzaa. Ukiichinja, utakula mara moja, na utabaki na kamba.»

Yeye alikata kipande cha kwanza na cha pili. Mwaka wa 2019 alitutoka. Bado matanga hayajaisha, baba mudogo alikuja na mchuuzi wa makala. Alitaka kununua yote, vipande vinne, kwa siku moja, alipe madeni ya hospitali. Hakuwa mtu mbaya, na madeni yalikuwa ya kweli. Mama aliomba usiku mmoja. Usiku huo mkubwa wetu alichukua kalamu. Katika tanuru ya udongo kama zetu, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Zingine zinakwenda na moshi. Tena mchuuzi alitaka kung'oa hata visiki. Asubuhi mama alimwambia baba mudogo kwa heshima: «Shemeji, deni tutalipa kwa viazi, polepole. Miti iko na ratiba yake.» Deni liliisha 2021. Na mwaka wa 2020 kipande cha tatu kilikatwa kwa zamu yake, sisi watoto tukishika msumeno.

Tunasema hivi si kwa kudharau makala. Nani kati yetu hali chakula kilichoivishwa kwa makala? Lakini makala mengi ya mkoa wetu yalitoka, na yanatoka, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Ndiyo sababu mradi wa EcoMakala ulianza mwaka wa 2007 kusaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini wapande miti yao wenyewe. Baba hakuwa ndani ya mradi. Lakini alifikiri vilevile.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka wa 2024 ulikuwa zamu ya kipande cha kwanza, mara ya pili. Toka Pasaka tulikwisha kupiga hesabu: nguzo ngapi, fito ngapi, minervali ya watu wawili, viatu. Mwisho wa mwezi wa sita Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na watu wengi sana walishika barabara ya kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo, wengine na godoro kichwani, wengine na mbuzi, wengine na mtoto tu. Tulipofika nyumbani mwezi wa saba, masomo ya msingi ya kijiji chetu yalikuwa yamejaa, na kwenye uwanja wa mpira kulikuwa na vibanda.

Tuliingia msituni kabla ya kumsalimia mama, ndiyo desturi yetu mbaya. Kipande cha nne, kile cha 2022, kilikuwa na machipukizi ya miaka miwili, manene kama mkono wa mtu. Tulikikuta wazi. Tulihesabu visiki 63. Vilikuwa vimekatwa kwa panga, juu kwenye goti, vimepasuka, gome limechanika mpaka chini. Mmoja wetu alilia. Mwingine alitukana, na hatutaandika hapa alichosema.

Tulikimbia kwa mama. «Mama, batu banatuibia!»

«Mulikwisha kusalimia?» akasema.

Tukasalimia. Akatupa viazi. Hakusema neno mpaka asubuhi.

Asubuhi alitupeleka uwanjani. Miti yetu tuliitambua mara moja, ilikuwa bado na majani. Ilikuwa imepindwa, imefungwa kwa kamba za magome yake yenyewe, na juu kulikuwa na sashe na majani. Ndani ya kibanda cha kwanza mtoto mchanga alikuwa amelala. Mzee mmoja alisimama, akatoa kofia.

«Mama, sisi njo tulikata. Batoto balikuwa na baridi. Hatukujua mwenyewe ni nani.»

Mama alinyamaza kidogo. Halafu alisema: «Mulikata mubaya.»

«Ndiyo, mama.»

«Kisiki cha hivi kinaoza. Kesho mukuje na mapanga yenu. Batoto yangu batawaonyesha fasi ya kukata na namna ya kukata.»

Tulitaka udongo utumeze. Tuliona kama mama anagawa minervali yetu mbele ya macho yetu, na kwa kweli ndivyo alivyofanya. Jioni alipasua kikwembe cha zamani, tukafunga vitambaa kwenye miti ya kipande cha kwanza: nusu yenye vitambaa ni yao, nusu nyingine ya kuuza. Vipande vingine mtu asiguse.

Kesho yake walikuja watu kumi na wawili. Tulianza kufundisha kama walimu, kwa sauti kubwa: kiganja kimoja kutoka chini, mshazari, usichane gome. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliomba msumeno wetu, akagusa meno kwa kidole, akaomba tupa. Alikaa chini akaunoa nusu saa. Alipokata mti wa kwanza, tulinyamaza. Ulianguka pale pale alipotaka, katikati ya mistari miwili, na kisiki kilikuwa laini kama meza.

Alikuwa mpasuaji wa mbao. Huko alikotoka alikuwa na msitu wake mwenyewe, mkubwa kuliko wetu. Alituambia bila kutuangalia:

«Niliacha miti ya miaka kumi na miwili. Leo iko inakatwa, sijui na nani. Simukatazi. Ningependa tu huyo mutu ajue kukata.»

Basi hasira yetu iliishia hapo. Hatukuwa na kitu cha kujibu. Tulishika upande wa pili wa msumeno.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Nusu ya kipande ililipa minervali ya mmoja tu. Mwingine alibaki nyumbani kungojea viazi, akaingia masomo mwezi wa kumi na moja. Walimu wanaokumbuka mwanafunzi aliyekosa interogasyo zote za kwanza, sasa wanajua sababu. Hata usiku, vitambaa au hapana vitambaa, miti kumi na minane mingine ilikwenda. Mama alijua. Alihesabu, akaandika, hakwenda kuuliza.

Vile visiki 63 vya goti, yule mzee alitusaidia kuvikata tena chini, kimoja kimoja, kabla ya mvua. Vilivyochipuka ni 51. Vilivyokufa ni 12. Mwezi wa pili wa 2025 familia yake iliendelea na safari. Siku ya kuaga hakuomba chakula. Aliomba mbegu. Mbegu ya mkaratusi ni ndogo sana, ni kama vumbi la tumbako. Tulimfungia ndani ya karatasi iliyotoka katika daftari ya kemia, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Tangu siku hiyo tukisema «msitu wetu», neno «wetu» limebadilika kidogo kinywani. Karatasi ya mashahidi wanne ingali ndani ya kitabu cha nyimbo, na tutaitetea mtu akija kutunyang'anya. Lakini tumeona kwamba mtu anaweza kuwa na karatasi, na mipaka, na masale, na asubuhi moja akaacha yote akiwa na panga na mtoto mgongoni. Kitu kilichobaki na yule mzee ni namna ya kukata. Hiyo hakuna aliyemnyang'anya, na ameiacha kwetu.

Katika yale mashimo 12 tulipanda upya, na mama aliyapitia na fimbo yake Siku ya Mti: iliyopona ni 10. Konje ya Pasaka inayokuja tutasimama tena mbele ya visiki 51 na kubishana, huyu abaki, huyu aende. Mwewe bado yuko. Vifaranga vinapungua.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna kipande cha udongo, hata cha mashimo kumi, uombe ruhusa kwa wakubwa na uchimbe mvua zikianza. Upande mbali na chemchemi. Uandike tarehe mahali. Na siku utakapokata, kata chini.

Wenu,
dada wa mwaka wa nne na kaka wa mwaka wa pili